Vidudu Vyeupe vya Ingénieur Basile

Jirani yangu amefunika kibanda chake cha makaa kwa plastiki mpya, ile nzito inayong'aa, na jua la saa saba likiipiga, harufu yake inavuka ua na kuingia jikoni kwangu. Wengine harufu hiyo haiwaambii kitu. Mimi inanijaza mate mdomoni, na natoka kweli hadi mlangoni nayatema. Watoto wangu wamezoea. "Mama amemunusa tena Ingénieur," wanasema, na wanaendelea kula.

Ninyi wa rika langu mliokulia mtaa wa Kabondo, upande ule ambako nyumba zilikuwa zinaisha na njia ya Bafwasende inaanza, huenda mnaikumbuka nyumba ya plastiki. Ilikuwa ndefu kama kanisa, mabomba yamepindwa juu kama mbavu, na ndani yake hapakuwa na mtu wala mbuzi, palikuwa na nyanya tu. Mradi fulani ndio ulioijenga. Jina lake nimelisahau kwa makusudi. Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Véro kwa sababu mimi ndiye Véro, alipata kazi mle pamoja na wanawake wengine watano: kufunga mashina kwa kamba, kung'oa majani ya chini, kuchuma. Baba alikuwa Ubundu na mizigo ya reli, akija mara chache. Kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kwa mama.

Nilikuwa na miaka minane na niliamini kwamba ile ilikuwa hospitali. Nani angenilaumu? Nyanya zilining'inia kwenye kamba kama wagonjwa waliotundikiwa maji ya serumu, wanawake walinawa mikono kabla ya kuingia, na kati ya mistari alipita mtu mwenye koti jeupe na kalamu mfukoni, akiinua majani kama anayepima homa. Siku moja nilimwuliza mama kwa sauti ya chini, ili wagonjwa wasisikie:

"Mama, hii tomati inagonjwa nini?"

Mama alimtazama yule mwenye koti, kisha akanitazama mimi.

"Inagonjwa Ingénieur," akasema.

Ingénieur Basile. Mrefu, mwenye tumbo dogo la mviringo na mkanda wa ngozi uliokazwa chini yake kwa fahari. Alikuwa amesoma, hilo silikatai, na alikuwa na desturi ya kukuangalia juu ya paji la uso unapoongea naye, kana kwamba kuna mtu wa maana zaidi amesimama nyuma yako. Sisi watoto tulimwita tonton, yaani mjomba, naye hakuwahi kuuliza jina la hata mmoja wetu.

Msimu wa kwanza nyanya zilifanikiwa. Alijipongeza sana. Mimi sasa nafundisha biolojia, nina haki ya kusema: hazikufanikiwa kwa ajili yake. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na pori la zamani, shamba lililoachwa miaka mingi, lenye vichaka, maua ya mwituni na kijito kidogo. Pembeni palikuwa na shamba la mama, ambalo ukilitazama haraka ungedhani ni vurugu: mihogo, lengalenga, maboga yanayotambaa, mahindi machache, na magugu aliyoyaacha kwa sababu alisema hayamdhuru mtu. Nilikuwa nalala kifudifudi mle ndani nikitazama. Buibui walikuwa wamefunga nyavu kila kona. Palikuwa na wale wadudu wekundu wenye madoadoa wanaotembea polepole wakila wadudu wadogo kama mtu anavyokula karanga. Palikuwa na nyigu wembamba kama uzi, wasiouma mtu, wakigonga-gonga majani kwa pembe zao wakitafuta kitu. Walikuwa wanaingia na kutoka kwenye nyumba ya plastiki kama watu wa nyumbani, kwa sababu pembeni ilikuwa wazi. Ilipaswa kuwa na neti nyembamba pande zote. Neti ilikuja, tuliiona ikishushwa kwenye gari. Kisha tukaiona imezungushwa kwenye baraza la nyumba ya Ingénieur Basile, ambako aliketi jioni bila mbu kumgusa.

Sisemi pori ni malaika. Kuna magugu yanayofuga wadudu wabaya. Lakini lile liliwafuga wabaya na walaji wao pamoja, na hesabu yao ilikuwa sawa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuja na koti jeupe.

Msimu wa kwanza ulipoisha, Ingénieur alisimama kwenye mpaka wa shamba la mama, mikono kiunoni.

"Mama Véro, hii iko nini?"

"Iko shamba yangu, Ingénieur."

"Hapana. Hii iko désordre. Vidudu vyote vinatoka humu. Il faut nettoyer, kusafisha yote."

"Vidudu viko humu, ndiyo," mama akasema. "Lakini vinakulana. Acha vikulane."

Aligeuka kwa wanawake wengine, akicheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika. "Bon. Leo Mama Véro anatufundisha entomologie, elimu ya vidudu." Nao, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika majina ya wafanyakazi, wakacheka pia. Aliyecheka zaidi alikuwa Mama Odette, rafiki ya mama, mwanamke wa kundi la sala aliyekuwa akila kwetu karibu kila siku.

Walikata kila kitu. Pori, vichaka, shamba la mama, hata maboga yaliyokuwa bado machanga. Wakachoma. Kwa siku kadhaa macho yetu yaliwasha kwa moshi, na nilimwona mama akifunga kamba za nyanya, akivuta kila fundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ardhi ilipopoa, Ingénieur alipanda bilingani pande zote tatu zisizo na mlango, mistari iliyonyooka, bilingani na bilingani tu, hadi kugusa plastiki. "Sasa iko propre," akasema. Ilikuwa safi kweli. Hapakubaki hata buibui.

Vidudu vyeupe vilikuja baada ya mvua kupungua. Vilikuwa vidogo kama unga, vimekaa chini ya majani ya bilingani, na ukitikisa jani viliruka kama vumbi kisha vikarudi palepale. Mimi sikujua kwamba ni wadudu. Niliona plastiki nyeupe, nikaona vipande vidogo vyeupe vinavyoruka karibu nayo, nikafikia uamuzi wangu: plastiki ilikuwa imezaa. Nilifurahi sana. Nilimkimbilia Mama Odette, aliyekuwa karibu, nikamwambia, "Angalia, plastiki iko nazaa batoto! Mi nilijua itazaa!" Aliniangalia kwa muda mrefu na hakucheka. Wakati ule sikulijali hilo.

Bilingani zilichumwa zikazeeka. Majani yakawa ya njano, yamejikunja, yamejaa utando mweusi unaonata. Ndipo ikaja habari kwamba wageni wa mradi watatembelea. Ingénieur hakutaka waone bilingani zile. Asubuhi ileile ya ziara aliamuru zing'olewe zote, pande zote tatu, upesi, zirundikwe mbali. Mama alimwambia kitu, niliwaona wanazungumza, naye akampungia mkono kama anayefukuza kuku.

Fikirini wenyewe. Vidudu vile vilikuwa vimelala kwenye bilingani elfu, vikanyang'anywa kitanda ndani ya saa moja. Kilichobaki kibichi mahali pale pote kilikuwa nyanya za ndani, na pembeni palikuwa wazi.

Watoto wa shule tulikuwa tumepangwa kuimba. Wote walivaa bluu na nyeupe ya shule, isipokuwa mimi. Mimi nilichaguliwa kumpa mkuu wa wageni kikapu cha nyanya, na mama alinivisha gauni ambalo tante yangu wa Ubundu alinitumia, la manjano kali, manjano ya ndizi iliyoiva, lenye mikono ya puto. Sikuwahi kujiona mzuri kama siku ile. Nilitembea kati ya mistari ya nyanya, kikapu kichwani, wageni wakinisubiri mwisho wa njia. Wanawake walikuwa wametikisa mimea wakiipanga vizuri, na hewa mle ndani ilikuwa nyeupe.

Nilihisi kwanza mikononi, wepesi kama pumzi. Nikatazama kifua changu. Gauni lilikuwa linageuka rangi. Vidudu vilikuwa vinakuja kutoka kila upande na kutua juu yangu, mamia juu ya mamia, wala havikutua kwa mtoto mwingine yeyote. Wenzangu wa bluu na nyeupe walisimama wasafi. Mkuu wa wageni alirudi nyuma hatua mbili. Kisha sauti ya Mama Odette:

"Eh Yezu! Vinamujua! Vinamufuata yeye tu! Huyu mutoto iko ndoki!"

Kikapu kilianguka. Mama Odette hakunyamaza. "Alisema yeye mwenyewe! Aliniambia ile plastiki iko nazaa batoto, alisema alijua itazaa! Ni yeye alivileta!"

Mama alikuwa amenifikia tayari, amenifunika kwa kitenge chake, cha kijani. Mgeni aliuliza kwa Kifaransa kuna nini. Wote tukamtazama Ingénieur Basile. Naye alinitazama mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, si juu ya paji la uso bali machoni. Alitazama gauni. Alitazama vidudu. Nimeurudia uso ule kichwani mara nyingi mno kuweza kukosea: alikuwa anaelewa. Kisha akamgeukia mgeni, akainua mabega.

"Ni mambo ya hapa kwetu," akasema. "Les croyances, imani za watu. Huyu mutoto tumekuwa na shida naye. Anaingia-ingia humu ndani kila siku. Kazi iko nzuri, lakini batu wenyewe..."

Hakumaliza. Hakuhitaji. Siku hiyohiyo mama aliambiwa asirudi kazini.

Kuitwa ndoki, mchawi, ukiwa na miaka minane si jambo la hadithi kwetu, mnajua. Kuna watoto waliolala sokoni kwa sababu ya neno hilo. Rafiki yangu wa dawati moja alihamishwa dawati. Mwuza mikate aliniwekea mkate chini, asiguse mkono wangu. Na mimi, hili ndilo bado linanitia aibu, niliamini. Kama mtu mzima anayesali kila siku amesema, na mtu mwenye koti jeupe hakukataa, basi lazima ni kweli. Nilikaa nyuma ya nyumba kuujaribu uwezo wangu. Niliwaamuru siafu wageuke kushoto. Waligeuka kushoto, kwa kuwa njia yao ilipinda hapo. Nililia mpaka nikatapika, kisha nikamwendea mama nikamwomba anifunge kamba mikononi kabla sijaua mtu.

Mama hakunifunga. Hakunibembeleza pia. Aliniuliza tu, "Siku ile ulivaa nini?"

"Gauni."

"Rangi gani?"

Kesho yake asubuhi alichukua vitu vinne: beseni la bluu, kitambaa chekundu, kitenge chake cha kijani, na bidoni ya manjano aliyokuwa akiwekea mafuta ya mawese. Alikwenda hadi kwenye rundo la bilingani zilizong'olewa, karibu na nyumba ya plastiki, akavipanga chini, akakaa kwenye jiwe. Mimi nilisimama mbali, nikiwa nimeficha mikono yangu kwapani. Hatukukaa sana. Beseni lilibaki bluu. Kitambaa kilibaki chekundu. Bidoni ilikuwa imechuruzika mafuta pembeni, na kila kidudu kilichotua pale kilinasa. Kabla ya jua kuwa kali haikuwa tena ya manjano.

"Njoo uone ndoki mwenzako," mama akaniambia.

Kundi la sala lilikuwa limepanga kunitoa shetani mchana huo, uani kwa Mama Odette. Mama alikubali kunipeleka, na hilo liliwashangaza. Tulipofika watu walikuwa wameshaketi, wengi kuliko kawaida ya sala. Mama alipita katikati yao na bidoni kichwani, akaishusha mbele ya Mama Odette.

"Huyu naye vilimufuata," akasema. "Anza na yeye. Mukiisha kumutoa shetani, mutaendelea na mutoto wangu."

Watu walisogea. Mtu mmoja alikwaruza bidoni kwa kidole, akaangalia ukucha wake. Mama Odette alisema kwamba shetani ana ujanja mwingi, lakini alilisema kwa sauti ndogo. Na hapo, kama aliyeitwa, Ingénieur Basile akapita barabarani kwa pikipiki, akaona mkusanyiko, akasimama. Hakuweza kupita mkusanyiko wowote bila kusimama.

"Kuna nini tena?"

"Ingénieur," mama akasema, kwa heshima kabisa, "sisi hatukusoma. Tusaidie. Kwa nini vidudu vinapenda bidoni hii na vinaacha beseni?"

Mimi nilimwona anavyovimba. Macho ya watu arobaini yakiwa juu yake, swali rahisi, na jibu analo. Mtu mwenye akili kidogo angesema hajui. Yeye alizima pikipiki.

"Mais c'est connu, Mama! Jaune, manjano! Mouches blanches zinavutwa na jaune. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Huko kwa wenzetu banatundika karatasi za jaune zenye gundi, zinazinasa. C'est élémentaire."

"Ah," mama akasema. "Weye ulijua tangu zamani?"

"Tangu chuo!"

"Na siku ya wageni, mutoto wangu alipovaa jaune, ulijua?"

Ilichukua muda kumfikia. Niliona tabasamu likibaki usoni mwake peke yake, bila mwenyewe, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Akafungua mdomo. Akasema, "Mama, contexte ilikuwa..." Mzee mmoja wa uani akacheka, kicheko kimoja kikavu, na wengine wakafuata, na hakuna aliyemcheka mama safari hii. Aliwasha pikipiki mara tatu ndipo ikashika.

Watu walitawanyika bila kuniombea. Mwuza mikate alinipa mkate mkononi siku iliyofuata, na akanishika vidole kuliko ilivyohitajika, ili watu waone. Mama Odette alikuja kwetu na sahani ya pondu, majani ya muhogo. Mama aliipokea, akaimwagia kuku mbele yake, akamrudishia sahani imeoshwa.

Nyanya zilikufa. Ingénieur alinyunyiza dawa mpaka mimea yenyewe ikaungua, lakini vidudu viliendelea kunenepa, kwani mlaji yeyote aliyejaribu kurudi ndiye aliyekufa kwanza. Katika ripoti yake, walivyotuambia waliobaki kazini, aliandika kwamba kazi iliharibiwa na imani za wakazi. Wakampandisha cheo, wakampeleka kwingine. Plastiki ilichanwa na watu wakaezekea mabanda. Mama alirudi kwenye ardhi yake bila kumwuliza mtu, akapanda mihogo na maboga, na akaacha magugu yaote yanavyotaka.

Nilimwona Ingénieur Basile mara moja tu baada ya hapo, na si zamani sana. Alikuja kwenye matanga ya mama. Amezeeka, tumbo limeshuka, lakini mkanda bado ni wa ngozi. Aliketi kwenye kiti, akapewa soda baridi, akainywa yote. Kisha akaniita kando.

"Véro," akasema, na nilishangaa kwamba analijua jina langu. Alikuwa amelisoma kwenye tangazo la msiba. "Yale ya zamani... Unajua, tulikuwa vijana."

"Mimi nilikuwa na miaka minane, tonton," nikamwambia. "Weye ulikuwa na miaka makumi ine."

Alikohoa. Alitazama picha ya mama iliyokuwa mezani, yenye maua kandokando. Akainama karibu zaidi, harufu ya sukari mdomoni mwake.

"Mama yako... alinisamehe?"

Nilifikiri. Nilitaka kumjibu kweli tupu, bila kuongeza wala kupunguza. "Tangu siku ile ya bidoni," nikasema, "sikumusikia tena hata mara moja akitaja jina lako."

Uso wake ukalegea. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamelowa. "Merci, mwanangu," akasema. "Merci. Mama alikuwa mutu mukubwa."

Alidhani ni msamaha. Nilimwitia pikipiki, nikamwacha aende nao nyumbani.